"Mama, Ngazi Inatekenya!"

 

Mwezi huu naomba uniruhusu nitoke kidogo nje ya mazoea. Hatutazungumzia wivu, wala simu zinazopokelewa chooni. Tutazungumzia umeme. Ndiyo, umeme, tena umeme wa bwawa la kuogelea la nyumbani! Tafadhali usifunue ukurasa unaofuata. Najua wengi wetu hatuna bwawa, na wengine hata maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Lakini vumilia nami hadi mwisho, kwa sababu stori hii ina ndoa ndani yake, na ndani yake yumo mtoto wangu.

Ilikuwa Juni 2025, likizo ya shule. Mume wangu ni mtu wa Tabora, na kwa muda mrefu alikuwa ananiambia kwamba kijana wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, lazima akapaone kwao. Tukapanda treni ya SGR kutoka Dar mpaka Dodoma, kisha tukachukua basi kupitia Manyoni na Itigi. Mwenyeji wetu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ni mwalimu pale mjini. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni mfanyabiashara wa asali.

Tulipoipita Itigi, mume wangu akamwonyesha mtoto lile pori kavu dirishani. Akamsimulia kwamba karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza upande huu huu kwa miguu, na kipande hiki walikiita Mgunda Mkali kwa sababu ya shida ya maji. Ukivuka ukiwa hai unaingia Unyanyembe, unapumzika. Burton na Speke waliingia hapo Novemba 1857, enzi pakiitwa Kaze, wakakaa wiki kadhaa wakipata nguvu. Mtoto akauliza, "Baba, kwani hawakubeba chupa za maji?" Basi zima likacheka.

Nakwambia habari hiyo kwa sababu ukiijua kiu ya Tabora ndipo utamwelewa shemeji yangu. Yeye alikua akibeba ndoo. Kwa miaka mingi mji ule ulitegemea bwawa la Igombe, na kiangazi kikikaza watu walijua wenyewe walivyolala. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Tabora, Nzega na Igunga ulizinduliwa Januari 2021. Shemeji anasema siku aliyofungua bomba uani kwake likatoka maji ya ziwa, aliapa jambo moja tu: watoto wake wataogelea nyumbani kwao. Si kwa kujionyesha (haya, kidogo kwa kujionyesha), ila zaidi ni mtu aliyekuwa analipa deni la utoto wake.

Na alilipa kweli. Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Marumaru za bluu, ngazi ya chuma inayong'aa, na taa chini ya maji zinazobadilika rangi. Pembeni viti vya kulalia kama vya hotelini. Nyuma ya gereji kuna kibanda kidogo ambamo pampu inanguruma. Mimi mtu wa magazeti nikatoa simu, nikaanza kupiga picha. Kibanda sikukipiga. Nani anapiga picha kibanda cha pampu?

SIKU YA PILI JIONI

Kijana wangu alikuwa majini na binamu yake, binti wa wifi, mwenye miaka tisa. Akashika ngazi ili atoke, akaiachia haraka.

"Mama, ngazi inatekenya!"

Nilikuwa nimejilaza kwenye kiti, macho kwenye simu. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Acha uoga wewe, panda."

Akaishika tena, akacheka, akaiachia. "Inanitekenya vidole!"

Binti wa wifi akamwelekeza kwa ule utu uzima wa watoto wa kike: "Mi nimeshazoea. Ukitoka usishike chuma. Jivute pale pembeni kwenye marumaru, halafu ruka."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Mimi nilishasema."

Shemeji akacheka. "Mwalimu, umeanza tena? Baridi ya maji hiyo! Juni hii, Tabora, mtoto aache kusisimka?" Ndivyo anavyomwita mkewe, Mwalimu, na kwa kweli analisema jina hilo kwa mapenzi. Wote tukacheka. Nami nilicheka, msomaji wangu. Nina shahada ya mawasiliano ya umma, nahariri gazeti linalofundisha watu kusikilizana, na mtoto wangu alipoongea nami nilimwambia aache uoga.

JIKONI USIKU

Tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza wifi alichokuwa anakisema pale mlangoni. Akaangalia kwanza kama mlango umefungwa.

"Wifi, tangu mwezi wa tano ngazi ile inauma. Nimemwambia mara tatu. Mara ya kwanza akasema nitazoea. Mara ya pili akasema nasikia vibaya kwa sababu silipendi bwawa. Mara ya tatu nikaambiwa mimi ni mlalamishi. Basi nikanyamaza. Hata kile kidude nacho kilikuwa kinalalamika, kikang'olewa."

"Kidude gani?"

"Kwenye kisanduku cha umeme cha pampu. Kulikuwa na kidude kinajikata kila mara. Mvua za Machi na Aprili ndiyo ilikuwa balaa, pampu ikiwaka tu, tak! Kimekata. Kaka yako akachoka. Akaitwa fundi wa mtaani, akasema kile kibovu, kinasumbua bure. Akakiruka, akaunganisha waya moja kwa moja. Tangu siku hiyo kimya."

Sikuelewa, lakini neno "kimya" halikunikaa vizuri. Nina rafiki niliyesoma naye sekondari ambaye siku hizi ni mhandisi wa umeme Dar. Nikamwandikia ujumbe nikimweleza vile vile nilivyoelezwa. Ilikuwa saa tano usiku. Hakujibu kwa maandishi, alipiga.

"Uko wapi? Kazime umeme wa hilo bwawa. Sasa hivi, usisubiri asubuhi. Usiuguse ule maji, usiiguse pampu, zima kwenye maini swichi ndani ya nyumba. Na mtoto yeyote asiingie mpaka nikwambie."

Tukatoka mimi na wifi, kanga mabegani, tochi ya simu mkononi, tukapita sebuleni kwa kunyata kama wezi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akashusha swichi. Mngurumo ukakatika. Nilirudi kitandani, lakini usingizi haukuja. Nilikuwa naiona ile mikono midogo ikishika chuma kwa mara ya pili, kwa sababu mama kasema aache uoga.

ASUBUHI

"Nani kazima pampu yangu?"

Unaijua sauti ya mwanaume aliyeguswa kitu chake. Wifi akaanza kueleza, akakatwa. Mimi nikaeleza, nikaambiwa kwa upole wa kikwe kwamba watu wa Dar tunasoma mambo mengi kwenye simu. Mume wangu naye akawa anatafuta la kusema, maana pale ni kwa dada yake, na mwenye nyumba ni mkubwa kwake.

Kisha mume wangu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Hakubishana. Alimwita binti wa wifi na kumwambia, "Hebu mwonyeshe baba unavyotoka bwawani."

Mtoto akaenda ukingoni, akaonyesha. Mikono kwenye marumaru, hivi. Goti, hivi. Halafu unaruka mbali ili mguu usiguse chuma. Akaonyesha vizuri, bila wasiwasi, kama anavyoonyesha namna ya kufunga kamba za viatu.

Shemeji akamwangalia. "Tangu lini unatoka hivyo?"

"Siku nyingi, baba. Ngazi inauma."

Hakusema kitu tena. Akaingia ndani, akatoka na simu, akaanza kutafuta fundi. Safari hii alitafuta mwenye leseni.

ALICHOKIKUTA FUNDI

Fundi alifika mchana na kipima umeme chake. Akatuomba sote tukae mbali, akawasha pampu kwa dakika moja, akapima kati ya maji na ngazi. Volti 24. Akazima. Akatwambia hizo ni za leo, na uchakavu ule ukiongezeka zingeweza kupanda kuelekea volti 230, ambazo ndizo zinazoingia nyumbani. Mtu aliyelowa hana kinga. Ngozi kavu inapunguza nguvu ya umeme, ngozi iliyoloa inaufungulia mlango. Na majini si lazima umeme ukuue wenyewe. Unakaza misuli tu, mikono na miguu haikusikilizi, unazama mahali ambapo maji yanakufika kifuani. Anayekuangalia anadhani umekunywa maji.

Kisha akatuonyesha makosa, moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa pampu yenyewe. Mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota ulikuwa umechakaa, unyevu ukapenya, umeme ukaanza kuvuja kidogo kidogo kwenye chuma cha pampu na kwenye maji. Hilo linaweza kumpata mtu yeyote. Vyuma vinazeeka.

La pili lilikuwa ethi, yaani ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Badala ya rodi ndefu iliyopakwa shaba, palichimbiwa kipande cha nondo ya ujenzi, kama nusu mita, kwenye kichanga. Hapa ndipo nilipoelewa hesabu ya miezi. Ardhi yenye maji inapitisha umeme vizuri, ardhi kavu inaukataa. Masika ile nondo fupi ilikuwa inafanya kazi kwa kubahatisha, umeme unashuka ardhini na kile kidude kinajikata. Mvua zilipoisha na kichanga kikakauka, umeme ukakosa pa kwenda. Ukabaki majini, unasubiri mtu ashike ngazi. Kwa hiyo wifi aliposema "tangu mwezi wa tano" alikuwa anatoa taarifa sahihi kuliko fundi aliyekuja mwanzo. Ethi ya nyumba za kanda ile ipimwe kiangazi, kwa sababu kipimo cha masika kinadanganya.

La tatu, vyuma havikuunganishwa. Umeshamwona ndege ametua kwenye waya wa umeme? Hadhuriki, kwa sababu miguu yake yote iko kwenye waya mmoja, hakuna tofauti ya nguvu kati ya mguu huu na ule. Umeme unatafuta tofauti. Ndiyo maana bwawani ngazi, nondo zilizo ndani ya zege, chuma cha pampu na kila chuma kilicho jirani vinatakiwa kufungwa pamoja kwa waya wa shaba, ili mtu akishika kimoja huku amekanyaga kingine asiwe daraja. Kazi hiyo hufanywa kabla zege halijamwagwa. Ukishabandika marumaru, utazibomoa. Na kweli, zilibomolewa kwenye kona ya ngazi.

La nne ndilo kile kidude. Mafundi wanakiita RCD. Naomba utulie hapa, msomaji wangu, maana wengi tunaamini sakiti breka ndiyo mlinzi wetu. Sakiti breka inalinda nyaya zisiungue. Ya ampea 20 inaanza kushtuka pale umeme unapozidi ampea 20. Lakini kinachoweza kumuua mtu ni sehemu ndogo sana ya ampea moja. Breka haimwoni mtu. Anaweza kuwa anakufa, yenyewe imetulia, inaona nyumba inatumia umeme kama kawaida.

RCD inafanya kazi tofauti. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukienda mwingi ukarudi pungufu, inajua kuna mahali unavuja, na pengine unapita kwenye mwili wa mtu. Ile ya kulinda watu ni ya miliampea 30. Kiasi hicho kikipotea tu, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haiulizi, haisubiri kikao.

Fundi akakishika kile cha zamani, akakipima. Kilikuwa kizima. Hakikuwa kibovu hata siku moja. Kilikuwa kinasema kweli tangu mwezi wa tatu.

HAPO NDIPO NILIPOMWANGALIA WIFI

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono magotini. Hakutabasamu, hakusema "mnaona?" Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Yeye alikuwa anamtazama binti yake.

Mpenzi msomaji, barua nyingi zinazonifikia zina sentensi moja inayofanana: "mke wangu analalamika sana", au "mume wangu kila siku ana manung'uniko". Na swali linalofuata huwa ni hili: nifanyeje anyamaze? Kwa miaka yote niliyoandika safu hii nimekuwa nikijibu swali hilo. Toka nae out, mnunulie zawadi, mwambie kwa upole. Sijawahi kumuuliza mwandishi wa barua, hivi umewahi kwenda kuangalia anacholalamikia?

Shemeji yangu si mtu mbaya. Angemrukia simba kwa ajili ya watoto wake. Tatizo lake ni kwamba alichoka na kelele, na mtu akikuletea kimya kwa bei rahisi ukiwa umechoka unamwona mkombozi. Yule fundi wa kwanza hakumuuzia umeme, alimuuzia kimya. Na nyumba ikawa imetulia kweli, pampu haikati, mke hasemi, mtoto kajifunza kuruka. Utulivu ule ndio uliokuwa unatisha.

Sisemi kila lalamiko lina ukweli. Wapo watu ambao wangelalamika hata peponi. Nasema kwenda kuangalia ni dakika tano. Kitu kikikata mara moja, labda bahati mbaya. Kikikata kila siku, kuna kitu kinavuja.

HUNA BWAWA? BADO INAKUHUSU

Je, bafuni kwako kuna heta ya shawa? Bomba limewahi kukutekenya ukioga? Friji inakupiga ukiishika miguu ikiwa peku? Una pampu ya kisima, au mashine ya kufulia iliyokaa kwenye sakafu yenye maji? Basi stori ni ile ile. Umeme unaotekenya si umeme mdogo, ni umeme mkubwa ambao bado haujapata njia nzuri. Zima, usiguse, ita fundi.

Na kwa wenye bwawa, au mnaojenga, au wenye wageni wanaokwenda kuogelea kwa ndugu, hizi hapa ndizo nilizoandika siku ile kwenye daftari langu nikiwa nimesimama kando ya fundi:

1. Muombe leseni kwanza. Kwa Tanzania Bara leseni za mafundi wa umeme zinatolewa na EWURA, kwa madaraja. Fundi halali haoni aibu kuionyesha. Misafara ya zamani ilitanguliwa na kirangozi, mtu anayejua njia na visima vilipo. Hakuna msafara uliomfuata mtu Mgunda Mkali kwa sababu tu bei yake ni ndogo.

2. Bwawa liwe na kisanduku chake cha umeme, chenye RCD ya miliampea 30, mbali na maji. Kipimo cha kimataifa kinagawa maeneo hivi: ndani ya maji, kisha mita 2 kutoka ukingoni, kisha mita 1.5 zaidi. Weka kisanduku na soketi za kawaida nje ya mita hizo 3.5. Na kisikae chumba kimoja na klorini, maana hewa yake inakula shaba. Cha shemeji kilikuwa kimepakana na ndoo ya klorini, viungio vimegeuka kijani.

3. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na transfoma yake maalumu ikae mbali na bwawa. Hizo kwa shemeji zilikuwa sawa.

4. Kuwe na rodi ya ethi ya kweli, iliyofika kwenye udongo wenye unyevu, na fundi akuonyeshe kipimo kwa macho yako. Moja isipotosha, ziwe mbili.

5. Vyuma vyote viunganishwe, na kama bado unajenga, usiruhusu zege limwagwe kabla fundi umeme hajapita.

6. Kwenye sherehe usivute waya wa ekstensheni hadi ukingoni kwa ajili ya spika. Tafuta spika ya betri. Na radi zikianza, wote watoke majini.

7. RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Kikikata, kizima. Kisipokata, bwawa lifungwe siku hiyo hiyo.

Na la mwisho, hili naomba ulisome mara mbili. Ukimwona mtu anakakamaa majini, usimrukie. Utakuwa wa pili. Kimbia ukazime maini swichi, ndipo umtoe. Kama swichi iko mbali, msukume au mvute kwa mti mkavu au kitu cha plastiki, ukiwa umesimama pakavu. Hapumui? Anza kumpa huduma ya kwanza ya kupumua na kukandamiza kifua, huku mwingine anaita msaada. Kila mtu wa nyumbani ajue maini swichi iko wapi, pamoja na dada wa kazi, pamoja na watoto wanaoweza kuifikia.

Kuhusu gharama, nitasema kidogo. Pampu inayotumia kilowati 1 ikifanya kazi saa 8 kwa siku inakula uniti 8 za LUKU, yaani uniti 240 kwa mwezi. Kidude kipya alichofunga fundi bei yake haikufika uniti hizo za mwezi mmoja. Viti vile vya kulalia vilikuwa ghali mara nyingi zaidi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu hiyo, kwa sauti, mbele yetu, na haikuwa rahisi kwake.

TULIVYOAGANA

Kazi ilichukua siku nne. Siku ya mwisho fundi aliwasha pampu, akapima tena kati ya maji na ngazi. Sifuri. Hakuna aliyetaka kuingia. Shemeji akavua shati, akaingia na kaptula yake, maji yakamfika kifuani. Akaishika ile ngazi kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwita mkewe.

"Mwalimu."

"Abee."

"Haiumi."

"Sawa, baba."

"Ulisema."

"Nilisema."

Basi. Hakukuwa na maua wala magoti. Wifi akaingia ndani kuchukua taulo, na aliporudi niliona macho yake yamelowa kuliko ya yule aliyekuwa majini.

Mwanangu naye aliingia. Kabla hajashika ngazi alinigeukia. "Mama, nishike?" Nikaweka simu chini, nikashuka mpaka ukingoni, nikaishika mimi kwanza.

Tangu tulivyorudi Dar, kila tarehe mosi shemeji ananitumia ujumbe wa sauti. Haongei kitu. Unasikia pampu inanguruma, unasikia kidole kinabonyeza, halafu tak! Kimya. Nyuma yake sauti ya wifi inasema, "Kimekata." Ndipo wanakiwasha tena.

Wewe nyumbani kwako kuna nani anayelalamika siku hizi? Kabla hujaniandikia kuniuliza utamnyamazishaje, hebu nenda kaangalie kwanza. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.